UZI: Mvua ikikosa, kwa nini nyumba moja inauza mbuzi na jirani anawanunua?

1/
Msimu wa siasa ukianza kupata moto, kuna sentensi mbili utazisikia kwenye kila jukwaa, kuanzia Kitui hadi Turkana. Ya kwanza: "Ukame ni kazi ya Mungu, hakuna serikali inayonyesha mvua." Ya pili: "Mnalala njaa kwa sababu hao walioko mamlakani wamelala." Watu wanazipigia zote mbili makofi, wakati mwingine katika mkutano mmoja.

2/
Sheria za hapa mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja, tunaifungua kama redio iliyoharibika, tunaangalia ndani kuna nini. Leo ni hali ya hewa inayoyumba na pato la nyumba, na hasa kwa nini ukame ukipita unaacha pengo kati ya majirani likiwa kubwa kuliko ulivyolikuta. Uzi ni mrefu. Weka chai karibu.

3/
Ebu tuanze na hesabu ya darasa la nne. Wakulima wawili. Wa kwanza anavuna magunia 5 ya ndengu kila mwaka. Wa pili anavuna 10 mwaka huu, mwaka ujao anavuna sufuri. Ukipiga wastani, wote wana magunia 5 kwa mwaka. Kwenye ripoti watu hawa ni sawa. Kijijini si sawa hata kidogo.

4/
Utasema, si huyo wa pili angeweka magunia 5 ghalani? Swali zuri, hata mimi niliwahi kuliuliza darasani nikijiona mjanja. Shida ni kwamba mwaka aliovuna 10, kijiji kizima kilivuna, kwa hivyo bei iko chini na broka ndiye anayeipanga. Na pesa ya karo inatakiwa sasa, si mwaka ujao. Mwaka wa sufuri kijiji kizima kina sufuri, chakula kinaletwa kwa lori kutoka mbali, na kinauzwa kwa bei ya lori. Kwa hivyo huyu mtu anauza bei ikiwa chini na ananunua bei ikiwa juu, mara zote. Wastani wa mvua hautakuonyesha hayo.

5/
Tofautisha mambo mawili. Kuna kuyumba kwa hali ya hewa, yaani mwaka huu mvua nyingi, mwaka ule haba. Hilo hata wazee wetu walilijua. Halafu kuna mabadiliko ya tabianchi, yaani dunia yenyewe kupata joto, na joto hilo linafanya kule kuyumba kuume zaidi.

Kwetu Ukambani mvua tunayoitegemea zaidi ni ya mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, na hiyo inaamuliwa sana na joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Mwishoni mwa 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, tukafurika. Kuanzia 2020 ikaja La Niña, miaka mitatu mfululizo. Mvua ikakosa mwisho wa 2020, masika ya 2021, mwisho wa 2021, masika ya 2022, mwisho wa 2022. Misimu mitano! Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na watu wale wale waliokuwa wakitafuta maji wakaanza kuyakimbia.

6/
Mwaka 2023 kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilichunguza ukame huo wa Pembe ya Afrika. Jibu lao: kwa sababu ya joto linalokausha udongo na mimea, uwezekano wa ukame wa kiwango kile umeongezeka kama mara 100 ukilinganisha na dunia ambayo binadamu hajaipasha joto. Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya gesi zinazoleta joto hilo. Kwa hivyo mheshimiwa anayesema "hili hatukulileta sisi" hadanganyi. Kasoro ni kwamba huwa anaishia hapo na kurudi kwenye gari.

7/
Manake mvua ilikosa kwa kila mtu kijijini kwetu, lakini haikuumiza kila mtu sawa. Hapa nitasema jambo la nyumbani. Nilimpigia mama nikamwambia nataka kuliandika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Andika, lakini uandike yote."

8/
Mamangu ni mwalimu wa shule ya msingi Kitui. Jirani yetu, mama wa rafiki yangu wa utotoni, ni mkulima: ekari nne, ng'ombe wawili wa kulima, mbuzi kumi na kitu. Kabla ya 2020 ungepita pale usingejua nani ana uwezo kumshinda mwenzake. Nyumba zote mbili ni za mabati, choo cha kila mmoja nje. Mwaka wa mvua nzuri kwao kulikuwa kunaliwa vizuri kuliko kwetu, na mimi nilikuwa mteja wa kudumu wa muthokoi wa mama yake.

9/
Mvua ya mwisho wa 2020 ikakosa. Wakala akiba ya ghalani. Masika ya 2021 ikakosa pia. Mwezi wa nane, jioni moja, mama yake akaja kwetu.

"Mwalimu, nichukulie hawa mbuzi. Broka wa soko ananipa elfu moja mia nane, na wewe mbuzi wangu unawajua."

Mama akamwambia, "Sina pesa nyingi, mama, lakini hiyo bei ya broka siwezi kukupa."

Akamlipa 2,400 kwa kila mmoja. Walikuwa tisa, jumla 21,600, nyingine akakopa kwenye chama. Jirani alishukuru mpaka mimi nikaona aibu bila kujua ni aibu ya nini.

10/
Sasa ingia ndani ya hiyo bei. Miaka miwili kabla, mbuzi kama wale alikuwa anaenda 5,400, na gorogoro ya mahindi ilikuwa 60. Mbuzi mmoja alikuwa anakupa gorogoro 90, kama kilo 180, yaani magunia mawili. Siku ile gorogoro ilikuwa imefika 100. Mbuzi wa 2,400 anakupa gorogoro 24. Kilo 48. Mnyama ni yule yule, amekonda tu, lakini amepoteza karibu robo tatu ya chakula alichokuwa anaweza kununua.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hufuatilia hesabu ya aina hii katika taarifa zake za kila mwezi kwa kaunti kame: mbuzi mmoja anapata kilo ngapi za mahindi. Ukitaka kujua ukame umefika wapi, usingoje picha ya mizoga ya ng'ombe. Soma hiyo namba. Huanza kuanguka mapema, kabla ya kamera kufika.

11/
Kwa nini sisi tuliweza kuwaweka hao mbuzi hai na wao hawangeweza? Mama alinunua nyasi za marobota na kulipa kijana wa punda alete maji. Mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi hata kama Kitui haijaona wingu, kwa sababu kodi inayoulipa inatoka nchi nzima. Pato lake na mvua ya kijijini hawajuani. Pato la jirani na mvua ni mtu na kivuli chake. Kuhusu bidii usiniambie kitu: mama yule huamka kabla ya mamangu kila siku.

Wawili kati ya tisa walikufa hata hivyo. Masika ya 2023 mvua ikarudi, malisho yakaota, kila mtu akataka mbuzi tena. Mwezi wa nane mama akauza sita kwa 6,000 kila mmoja. 36,000. Pesa hiyo ndiyo iliyonileta chuoni: ada ya kwanza, godoro, deposi ya chumba. Mmoja akabaki zizini.

12/
Rafiki yangu alitumwa nyumbani karo mwezi wa kumi 2021, kidato cha tatu, muhula wa pili. Aliambiwa arudi na angalau nusu. Pesa ya mbuzi ilikuwa imeshaliwa, nusu haikupatikana, hakurudi. Tulikuwa tunashindana hesabu na, tuseme ukweli, mara nyingi alinipita.

Mwaka 2022 ng'ombe wa kulima nao wakauzwa. Mvua iliporudi 2023 hawakuwa na cha kulimia, wakakodisha ekari mbili kwa mtu wa mjini na kulima mbili zilizobaki kwa jembe la mkono. Yaani mwaka wa neema ulipofika, ulikuta nusu ya shamba haiko mikononi mwao.

13/
Mnisome vizuri. Katika hadithi hii hamna mwizi. Mama alitoa bei bora kuliko soko, jirani alifanya uamuzi wa busara kwa siku ile, hata yule broka alikuwa na hofu ya kununua mnyama atakayefia kwenye lori. Kila mtu alifanya la maana, na mwisho wake mali ikahama kutoka nyumba isiyo na mshahara kwenda nyumba yenye mshahara. Hii ndiyo sababu nachoka na siasa ya kutafuta mbaya mmoja. Ukimkamata broka leo, kesho mvua ikikosa mbuzi bado watauzwa.

14/
Wachumi wamechunguza kitu hiki karibu sana na sisi. Utafiti uliotoka 2004 kuhusu wafugaji Waborana wa kusini mwa Ethiopia, ndugu wa Waborana wetu wa Marsabit na Isiolo, ulionyesha kuna kizingiti, kama ng'ombe 10 hadi 15. Ukiwa juu yake, ukame unakuumiza lakini unaweza kuhama na mifugo kutafuta malisho na maji, na baada ya miaka kundi linarudi. Ukishuka chini yake, huwezi tena kuhama vizuri, unakaa karibu na kituo, malisho ya hapo yanaisha, na kundi linaendelea kupungua hata mvua ikiwa nzuri. Tofauti ya ng'ombe wachache kabla ya ukame inageuka kuwa tofauti ya maisha mazima baada yake.

15/
Marsabit penyewe kuna jambo lingine la kusoma. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, na wenzake walianzisha bima ya mifugo inayotumia setilaiti. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inaangalia ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango fulani, waliokata bima wanalipwa. Ukame wa 2011 ukaja, malipo yakatoka.

Watafiti walipowauliza waliolipwa, majibu yalitofautiana kwa uwezo. Wenye mifugo mingi walisema bima iliwaokoa wasiuze wanyama. Wenye mifugo michache walisema iliwaokoa wasipunguze milo. Niliposoma hapo niliacha kitabu kidogo. Mwenye nacho alikuwa anauza mnyama ili ale. Asiye nacho alikuwa anakaa njaa ili asiuze yule wa mwisho, kwa sababu anajua akiuza ameshuka chini ya kile kizingiti. Huyo hayuko kwenye takwimu za mifugo iliyokufa. Mifugo yake iko hai, ni watoto ndio wamelala bila kula.

16/
Kuna sehemu ya hii hoja ambayo mijadala ya televisheni huwa haifiki kabisa: umaskini unaoletwa na ukame ambao haujatokea.

Mama wa rafiki yangu hupanda Katumani, ile mahindi ya muda mfupi iliyotengenezewa nchi yetu kame kule Machakos, anachanganya na kunde na mbaazi, bila mbolea ya dukani. Maafisa wakija wanamwambia hajaelimika. Mamangu alijaribu ndengu za kuuza, akapanda maembe ya kupandikiza, mwaka mmoja akapata hasara kubwa, akacheka, mwaka uliofuata akapata faida. Jirani hawezi kucheka hasara. Akinunua mfuko wa mbolea na mvua ikakosa, amepoteza mfuko na mavuno pamoja. Kwa hivyo anachagua mazao ambayo hayatamtajirisha lakini hayatamuua.

Kuna utafiti wa 1993 wa Rosenzweig na Binswanger, kutoka vijiji vya India ambako nao hulima kwa kungoja mvua. Mvua ikizidi kutotabirika kwa kiwango kimoja walichopima, faida ya shamba ya robo ya wakulima maskini zaidi ilishuka kama asilimia 35. Ya matajiri karibu haikusogea. Wote wako chini ya anga moja! Maskini alikuwa analipa bima kwa njia ya kujinyima faida, kila mwaka, hata miaka ya mvua.

17/
Watu wa Nairobi msidhani hii ni ya mashambani tu. Mvua ikikosa, unga unapanda. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Anayelipwa laki moja alinung'unika kwenye simu. Anayefanya kibarua cha kufua nguo Pipeline alipunguza mlo. Na mafuriko ya masika ya 2024 hayakubisha hodi Karen kama yalivyobisha Mathare na Mukuru, kwa sababu nyumba ya bei nafuu iko kando ya mto, na iko nafuu kwa sababu iko kando ya mto.

18/
Turudi kwenye siasa. "Ukame ni kazi ya Mungu." Mvua, sawa. Lakini nani aliamua mshahara, barabara, soko, bomba la maji na shule zitakuwa wapi?

Mwaka 1965 serikali ilipitisha Sessional Paper Namba 10, hati ya mpango wa uchumi ambayo kila mwanafunzi wa siasa nchini huletewa mwaka wa kwanza. Ndani yake kulikuwa na hoja hii: pesa ya maendeleo ni kidogo, kwa hivyo iwekwe mahali itakapozaa haraka zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, usafiri. Faida itakayopatikana ndiyo itasaidia kwingine baadaye. Kwa karatasi ina mantiki. Ila maana yake ni kwamba mvua ilitumiwa kama kigezo cha nani apate barabara. Aliyekosa mvua akakosa na barabara, na asiye na barabara anauza mbuzi kwa broka mmoja tu anayefika.

19/
Maeneo kame na nusu kame ni karibu asilimia 80 ya nchi hii. Ripoti ya umaskini ya Shirika la Takwimu, KNBS, ya 2022 inasema kitaifa watu asilimia 39.8 wako chini ya mstari wa umaskini. Turkana ni asilimia 82.7. Nairobi haifiki 20. Mtu akikwambia hiyo tofauti imeletwa na jua peke yake, muulize mbona kuna nchi zenye jua kali kuliko letu na bado watu hawauzi ng'ombe wa kulima ili wanunue unga.

20/
"Lakini serikali ilituma chakula cha msaada." Ndiyo, na kuna watu wako hai kwa sababu ya hicho chakula, sitakidharau. Swali langu ni la kalenda.

NDMA ina hatua za ukame: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, halafu kupona. Ukame ule ulitangazwa janga la kitaifa Septemba 2021, misimu miwili ikiwa imeshakosa. Mama wa rafiki yangu aliuza mbuzi wake Agosti. Mapema 2023 watu kama milioni 4.4 walikuwa wanahitaji msaada wa chakula na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa. Unga ukifika wakati huo unazuia kifo. Mbuzi haumrudishi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu haumrudishi.

21/
Kuna njia ambayo imejaribiwa hapa hapa Kenya. Mpango wa HSNP, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, umekuwa ukizipa nyumba maskini shilingi 5,400 kila miezi miwili kupitia akaunti. Na una kitu kizuri: setilaiti ikionyesha mimea imekauka kupita kiwango, nyumba nyingine zinaongezwa kwenye malipo bila kungoja mtu apige picha na lori. Pesa inafika wakati bado kuna mbuzi wa kuokoa. Pungufu yake ni kwamba orodha ni fupi, 5,400 ya bei za leo si ile ya zamani, na sisi wa Kitui hatukuwa ndani.

22/
Mbolea ya ruzuku, ile ya 2,500 kwa mfuko wa kilo 50? Mimi sipingi. Ila kumbuka namba 16. Ruzuku ya mbolea inamfaa mwenye uhakika wa mvua, na mwenye ekari 20 anabeba mifuko mingi kuliko mwenye ekari moja. Ukitaka mama wa Kitui atumie mbolea, mpe kwanza kitu cha kumshika mvua ikikosa. Bila hiyo, pesa ya ruzuku inaelekea zaidi kule ambako mvua tayari inanyesha, na tumerudi 1965 bila kujua.

Maji nayo. Machakos, Makueni na Kitui kuna mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kwenye mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kirahisi. Hakuna mitambo mikubwa. Lakini ukuta wa mtoni hauna utepe mrefu wa kukata, na nadhani ndiyo maana hausikiki sana kwenye kampeni.

23/
Sasa sheria, manake kuna watu hudhani haya ni maombi. Katiba, kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 204 kinaunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Hicho kifungu ni jibu la moja kwa moja kwa ile hati ya 1965.

Na kina tarehe ya kufa. Miaka 20 tangu katiba ianze kutumika, yaani 2030, bunge lisipoongeza muda. Pesa hizo zimecheleweshwa na kubishaniwa, mpaka mahakamani. Nimefuatilia mijadala mingi mwaka huu. Watu wanarushiana maneno juu ya nani alitoa mahindi wapi. Hiyo 2030 sijasikia ikitajwa hata mara moja.

24/
Kwa hivyo mgombea akija kwenu na sentensi yoyote kati ya zile mbili, usimzomee. Muulize pole pole: pesa ya ukame ya kaunti inatoka katika hatua gani, ya tahadhari au ya dharura? Nani anaamua, namba au mtu? Nyumba ngapi za kata hii ziko kwenye orodha, na hiyo orodha imebandikwa wapi? Mtoto akitumwa karo mwaka wa ukame, basari inatoka muhula huo au mwaka unaofuata? Kifungu cha 204 atakipigia kura vipi? Akianza kukwambia habari za wapinzani wake, umeshapata jibu.

25/
Kuna mtu aliniuliza inboksi baada ya uzi uliopita: "Wewe unaandika haya na umefaidika?" Ndiyo. Ninakaa kwenye hiki kiti kwa mbuzi sita. Sijui kama mamangu angemkatalia jirani ingekuwa bora, broka angewachukua kwa 1,800. Ninachojua ni kwamba mimi ninasomea ugawaji wa rasilimali na aliyekuwa ananipita hesabu anaendesha bodaboda ya mtu mwingine Kitui mjini, analipa mwenye pikipiki kila jioni.

26/
Nilimtumia rasimu ya huu uzi aisome kabla. Alijibu kwa sauti, akicheka, kelele za steji nyuma yake. Alisema namba zangu ziko sawa ila nimesahau moja.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita mama yake alikuja kwetu kununua mbuzi jike, aanze tena. Yule mmoja aliyebaki zizini amezaa mara kadhaa. Mama alimchagulia mtamba mzuri, akamwambia atoe 3,000 tu na hata hiyo si lazima yote leo. Jirani alimshika yule mbuzi sikio, akaangalia alama nyeupe usoni, akasema, "Huyu ni wa ukoo wa wangu." Akatoa pesa, akahesabu mara mbili.

Nilikuwa nimekaa pale kwa likizo. Niliamka nikamsaidia kumfunga kamba, nikamsindikiza hadi kwao.

27/
Maswali wekeni hapo chini, pamoja na bei ya mbuzi na gorogoro kwenu wiki hii, nataka kulinganisha kaunti. Nitajibu baada ya mtihani wa Alhamisi.